Beseni Moja, Khanga Doti Tatu

Leo tunamzungumzia mgeni. Anakuja bila begi, bila kandambili, bila hata nguo ya mwilini, lakini ujio wake unaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima kabla hajalia mara ya kwanza.

Mtoto mchanga, ndiye huyo. Na swali la leo ni hili: anahitaji nini hasa? Mtalisikia tena na tena hadi mwisho wa kipindi. Mtoto anayezaliwa mwezi ujao anahitaji nini hasa, na kipi kinaweza kusubiri?

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Anaishi Mbagala, anauza chapati na maharage kila asubuhi. Mume wake ni fundi ujenzi, kazi leo ipo, kesho haipo. Mimba imetimiza miezi saba. Jumamosi hii amepanda gari la Kariakoo pamoja na wifi yake, pesa imefungwa kwenye ncha ya khanga, na kwenye pochi kuna karatasi waliyoiandika wenyewe jana usiku. Karatasi ina mistari mingi. Pesa haitoshi hata nusu yake.

Anayeujua Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi hahitaji kusimuliwa. Kijana wa kwanza haoni sura ya mteja, anaona tumbo. "Karibu dada, karibu mama kijacho, seti ya mtoto hii hapa, kila kitu kimo!" Na kweli seti imefungwa ikapendeza: mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, zipu ya rangi ya waridi, mna vinguo viwili, chupa mbili za kunyonyeshea, kopo la poda, brashi ya nywele, na kijimto chenye masikio ya sungura. Hatua tatu mbele kuna beseni lenye umbo la bata, kitanda chenye neti yake, na kigari cha kujifunzia kutembea ambacho kikiguswa kinaimba. Wifi anakishika, anauliza bei, kisha anakirudisha haraka kama aliyeokota kaa la moto.

Hapo hapo, kabla ncha ya khanga haijafunguliwa, tuwasimamishe kidogo pembeni, chini ya kivuli.

Msikilizaji, ile karatasi yao imechanganya mambo matatu ambayo hayafanani. Kuna vitu vya leba, ambavyo mama anaingia navyo wodini. Kuna vitu vya mtoto, wiki zake za mwanzo. Halafu kuna vitu vya mama mwenyewe, na hivi vya mama ndivyo ambavyo karatasi nyingi huvisahau kabisa. Seti ya zipu ya waridi inagusa fungu la pili tu, tena inaligusa kwa juu juu.

Tuanze na leba, maana huko hakuna kubahatisha. Kwa sera ya Tanzania, huduma za uzazi katika vituo vya umma hazilipiwi. Hata hivyo, mama anayehudhuria kliniki katika vituo vingi ataambiwa mapema vitu vya kwenda navyo: mpira wa kutandika kitandani, glovu, pamba, nyembe mpya, kibanio cha kitovu au uzi wake, sabuni, pedi kubwa, na khanga safi. Kituo kimoja kitataja vyote, kingine kitataja viwili tu kwa sababu vingine wanavyo. Kwa hiyo jambo la kwanza halina hata gharama: kumuuliza nesi wa pale pale mama anapotarajia kujifungulia. Jirani aliyejifungua mwaka juzi, kituo kingine, si mtu wa kunakili orodha yake.

Kwa jirani zetu Uganda vifaa hivi hufungwa pamoja kwenye mfuko mmoja unaojulikana kama Mama Kit. Ukiufungua unashangaa ulivyo wa kawaida: karatasi ya plastiki, glovu, wembe, uzi wa kitovu, pamba, sabuni. Hakuna kitu cha kupiga picha. Lakini kila kimoja kina kazi yake. Mpira unakipa kitanda sehemu safi. Wembe mpya unakata kitovu bila kuingiza vijidudu vya pepopunda, ugonjwa ambao kwa mtoto mchanga mara nyingi huishia msibani. Ndiyo maana pia mama anadungwa chanjo ya pepopunda akiwa bado mjamzito, bure, kliniki. Kwenye vitu hivi tusitafute mbadala. Wembe ulionyolea si wembe, na uzi wa cherehani haufungi kitovu. Pesa ya kwanza iende hapa, na kwa bahati nzuri vitu hivi ndivyo rahisi kuliko vyote kwenye ile karatasi.

Sasa, khanga. Hapa tukae kidogo, kwa sababu khanga ndiyo mali ya thamani kubwa kwenye begi la leba, na wengi wanaichukulia poa.

Mtoto akitoka tu, kitu cha kwanza anachohitaji baada ya pumzi ni kukaushwa. Ametoka kwenye joto la tumbo, amelowa, na baridi inaweza kumwingia hata Dar es Salaam mwezi wa Januari. Mkunga anamfuta kwa khanga moja, anaitupa pembeni kwa kuwa imeshalowa, anamlaza mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha anawafunika wote wawili kwa khanga nyingine kavu. Shirika la Afya Duniani linashauri kuoga kusubiri angalau saa 24. Kwa hiyo siku ya kwanza beseni halina kazi ya kuogeshea, khanga zina kazi tele.

Na khanga gani? Wengi hukimbilia mpya, mtoto wa kwanza bwana, avae kipya! Lakini khanga iliyotoka dukani ni ngumu, ina wanga wa kiwandani, na maji yanateleza juu yake badala ya kunyonywa. Ukimfuta nayo mtoto aliyelowa unahamisha maji tu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Khanga iliyofuliwa mara ishirini ndiyo laini, ndiyo inayokausha. Wenye mpya wazifue mara tatu nne, wazianike juani, wazipige pasi, ndipo zikunjwe begini.

Doti tatu zinatosha. Doti moja ni vipande viwili, hivyo hapo kuna vipande sita: viwili vya leba, kimoja cha kumfungia mtoto, kimoja cha kutandika, kimoja mbeleko, na kimoja cha mama kujifunga wakati vingine viko kwenye kamba. Mama yetu wa mfano anazo doti mbili kuukuu kabatini kwake. Anahitaji kununua moja tu. Wifi ndiye atakayeichagua, na atayasoma maandishi ya khanga hiyo mara mbili kabla hajakubali, maana khanga husema, na hataki mtaa uanze kuuliza ujumbe unamlenga nani.

Kuna msikilizaji, pengine bibi yetu mmoja, anayetikisa kichwa sasa hivi: mtoto hanunuliwi vitu kabla hajazaliwa, ni mkosi. Tusimcheke bibi. Aliyeishi enzi ambazo vichanga wengi hawakufika arobaini ana sababu ya kuogopa kabati lililojaa vinguo visivyo na mwenyewe. Lakini angalieni jambo moja: khanga, beseni, sabuni, ndoo, hivi ni vitu vya nyumba. Nani atasema beseni ni la mtoto? Nyumba yenye hofu hiyo inaweza kununua hivi mapema bila kuvunja mwiko wowote, vinguo vikaja baadaye. Na mapema maana yake ni mwezi wa saba, kwa sababu wapo wanaozaliwa kabla ya wiki 37, na hawa hawatoi taarifa.

Haya, tuje kwenye vinguo.

Mtoto mchanga ni mteja wa ajabu. Nguo inamkaa wiki chache, haikai tena. Siku za mwanzo anapungua uzito kidogo, anaurudisha kabla ya wiki mbili kwisha, na akifika miezi mitano hivi uzito wake umekuwa mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Sasa ukimnunulia suti kumi za saizi ndogo kabisa, utakuwa umemnunulia nani? Fulana sita, suruali au ovaroli nne, kofia mbili, soksi jozi tatu, taulo laini moja na shali au blanketi jepesi, huyu amevaa. Na ziwe saizi ya miezi mitatu, zitampwaya wiki za mwanzo tu.

Hii ndiyo sababu mitumba ya watoto wachanga ni mtumba bora kuliko mwingine wote. Suruali ya mtu mzima inapofika soko la Karume imeshachoka, magoti yameng'aa. Nguo ya kichanga ilivaliwa mwezi mmoja na mtoto ambaye hakutembea wala kupanda mti. Wanaojua wanafika asubuhi, robota linapofunguliwa. Wanageuza nguo ndani nje, wanavuta mishono, wanabana na kubandua vile vifungo vya kubonyeza. Kifungo kinacholegea kinaachwa, kwa sababu kitaishia mdomoni. Kamba ya shingoni inakatwa.

Mtumba ukifika nyumbani mtoto havalishwi papo hapo. Unalowekwa kwenye maji ya moto na sabuni, unasuuzwa mara mbili, unaanikwa juani. Halafu pasi, ndani na nje. Pasi si ya urembo. Kuna nzi wa huku kwetu anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutoa jipu. Pasi ya moto inayamaliza mayai hayo, hasa kwenye mishono. Nguo mpya za dukani nazo zikianikwa ovyo, hatari ni ile ile.

Jambo jingine ambalo muuza seti hatakuuliza: mtoto anazaliwa lini, na wapi? Anayezaliwa Njombe mwezi wa Juni anataka sweta, soksi nzito na blanketi la maana, na hapo hata mama yetu wa mfano angesema nunua. Anayezaliwa Dar es Salaam Februari akifungwa sweta na blanketi anatoka vipele vya joto shingo nzima, watu wanasema mtoto ana mzio. Na wa Aprili, kwenye masika? Huyo tatizo lake ni kamba ya kuanikia.

Tufike hapo kwenye nepi, msikilizaji, kwa sababu hapa ndipo pesa inapovuja kimya kimya.

Mtoto mchanga akibadilishwa mara nane kwa siku, na nane si nyingi, kwa mwezi ni mara 240. Pampasi 240! Fundi ujenzi asiye na kazi ya kudumu atazitoa wapi? Mara nyingi inakuwa hivi: pakiti kubwa haiwezekani, basi wananunua moja moja duka la Mangi pale kona, na ya moja moja ndiyo ghali. Mwenye pesa ya pakiti analipa kidogo kwa kila pampasi, asiye nayo analipa zaidi kwa kitu kile kile. Ni jambo linaloudhi, lakini ndivyo duka lilivyo.

Nepi za kitambaa bado zinafanya kazi. Ishirini na nne zinatosha kuzungusha: zinazovaliwa, zilizo kwenye ndoo, zilizo kwenye kamba. Khanga kuukuu iliyochakaa katikati haijafa, ikikatwa na kupindwa na fundi cherehani inatoa nepi kadhaa. Pampasi chache ziwekwe kwa usiku, kwa siku ya kliniki, na kwa zile siku za masika ambapo nepi ya Jumatatu inakauka Jumatano. Mtoto wa Aprili aongezewe nepi kumi, ndizo zitakazookoa. Na ndoo ya nepi iwe na mfuniko, isichanganywe na beseni la kuogea.

Akina mama wengi wako kwenye mchezo, au upatu kama wengine wanavyouita. Kwa nini zamu isiombwe mapema iangukie mwezi wa nane wa mimba? Wenzako wakiona tumbo, nani atakataa kubadilishana namba? Zamu hiyo ndiyo inayonunua pakiti kubwa.

Zile chupa mbili kwenye seti sasa. Mtoto anahitaji nini hasa kula? Maziwa ya mama, aanze ndani ya saa ya kwanza, na kwa miezi sita asipewe kingine: si maji, si juisi, si uji mwepesi. Anayeuliza kama mtoto hatasikia kiu kwenye joto la Dar es Salaam ajue kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, tena safi. Chupa ina gharama ambayo haikuandikwa kwenye bei yake. Ina chuchu ya mpira yenye vijikona, inataka brashi, inataka kuchemshwa kila mara, na kuchemsha ni mkaa au gesi. Halafu chupa inaita kopo la maziwa, na kopo likikaribia kuisha na pesa hakuna, mkono unaanza kuongeza maji. Mtoto anashiba maji, uzito haupandi.

Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo, chupa na chuchu. Ndiyo maana kopo lenyewe limeandikwa kwamba maziwa ya mama ni bora. Mtengenezaji analazimika kulisema hilo juu ya bidhaa yake mwenyewe!

Wapo wasioweza kunyonyesha, kwa sababu za kweli, na hawa wasilaumiwe na mtu, waongozwe na wataalamu. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake vizuri hushauriwa kunyonyesha, akiwa chini ya uangalizi wa kliniki. Anayerudi kwenye biashara ya chapati anaweza kukamua, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe kidogo safi. Ndiyo, kikombe. Hata kichanga anakilamba kikombe, na kikombe kinaoshwa mara moja kikatakata.

Na mtoto akilia usiku kucha, jirani atasema ni chango, ataleta dawa ya mizizi kwenye kichupa. Jirani ana nia njema. Lakini tumbo la wiki mbili halijui nia, na pesa ya kichupa hicho ingetosha nauli ya kwenda zahanati kumuuliza anayejua.

Beseni. Lile la bata ni zuri, mtoto atakuja kulipenda akiwa na mwaka. Kwa sasa beseni la kawaida la plastiki, pana, lisilo na ufa, linafanya kila kitu. Siku ya leba linabeba vitu. Wiki ya kwanza linaogesha, maji yakiwa yamepimwa kwa kiwiko. Mtoto asiachwe peke yake ndani yake hata kidogo, hata simu ikiita. Sabuni isiyo na manukato makali, mafuta ya nazi, imetosha. Poda iachwe dukani: vumbi lake linapanda puani mwa mtoto. Na wanja, najua pwani hili ni gumu, lakini wanja wa aina nyingine huwa na madini ya risasi, nayo ni sumu kwa ubongo unaokua. Mtoto ni mzuri bila nyusi za kuchora.

Kitu kimoja ambacho hakimo kwenye seti na kingestahili kuwemo ni kipimajoto, kile kidogo cha duka la dawa. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likitoka nje ya hapo, au mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka haraka, akishtuka kwa degedege, au kitovu kikawa chekundu na kunuka, hiyo ni safari ya kituo cha afya usiku huo huo.

Na kulala? Mtoto alale chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto wala mdoli. Kwa hiyo yule sungura wa masikio hana kazi. Neti ya kitandani nayo isinunuliwe kwanza, kwa sababu mama mjamzito hupewa chandarua chenye dawa kliniki anapoandikishwa, na kingine hutolewa mtoto anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Aulizie haki yake. Kigari cha kutembelea tukipite haraka: Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004, baada ya watoto wengi kuumia, hasa kwa kuporomoka navyo kwenye ngazi.

Kitanda ni kitu kizuri kwa mwenye nafasi. Lakini sikieni habari ya Ufini, nchi ya baridi kali huko Ulaya Kaskazini. Mwaka 1938 serikali yao ilianza kuwapa akina mama wa kipato cha chini msaada wa uzazi, kwa fedha au sanduku la vifaa vya mtoto. Kuanzia 1949 mama yeyote aliweza kuupata. Ndani ya sanduku kuna vinguo, matandiko, kigodoro. Na sanduku lenyewe ni la karatasi ngumu, ukitandika kile kigodoro ndani linakuwa kitanda. Watoto wa mtu mkubwa na wa mtu mdogo, wamelala kwenye boksi. Lakini utamu wa habari hii uko kwenye sharti: mama hapati kitu mpaka awe ameonana na daktari au nesi kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Boksi lilikuwa chambo, samaki alikuwa kliniki.

Sisi hatuna boksi. Tuna kadi ya kliniki, na mama yetu wa mfano ameitunza kwenye mfuko wa plastiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane. Pale ndipo presha inapopimwa, damu inapoangaliwa, vidonge vya kuongeza damu vinapotolewa. Mtaa wa Kongo wote hauna kitu cha kulingana na kadi ile.

Sasa lile fungu lililosahaulika. Mama. Nani alimwandika kwenye karatasi? Mtoto wa miezi sita ya mwanzo anakula kupitia kwake, hivyo maharage, dagaa, mchicha, mayai na matunda ni vitu vya mtoto vile vile. Wachaga wanalijua hili tangu zamani, mzazi anapikiwa mtori. Pwani anakorogewa uji wa pilipili manga. Mzee wa nyumba akinunua kitanda cha mbao halafu mzazi akashindia chai na andazi, fedha imeenda mahali pasipo. Mama anataka pedi za kutosha, dera mbili zinazofunguka kifuani, chupa ya chai, ndala, na mtu wa kufua walau wiki mbili.

Na zawadi je? Mjini siku hizi wanakamati wanamfanyia mama mtarajiwa sherehe, na anaondoka na suti ishirini za saizi ile ile. Ndugu zangu wa kamati, ulizeni kwanza! Shangazi alete katoni ya sabuni. Wifi wa pili alete pampasi za saizi ya kati, si ndogo. Yule rafiki asiye na pesa aje Jumamosi afue.

Tumalizie na kitu kinachouma zaidi kikikosekana: nauli. Uchungu unapenda usiku. Bajaji ya saa nane za usiku haina bei ya mchana, na wakati mwingine haipo kabisa. Basi dereva atafutwe sasa hivi, mwezi huu, aonyeshwe nyumba, namba yake iandikwe ukutani. Na ikitokea dharura, Tanzania kuna mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: unapiga 115, bure, na usafiri wa kumfikisha mama au kichanga kituoni unapangwa, ama gari la wagonjwa, ama dereva wa kijiji aliyeandikishwa. Kuna wanaojua bei ya kigari kinachoimba lakini namba hii hawajawahi kuisikia. Turudie: 115.

Wale wawili tuliowaacha kivulini? Saa tisa wameonekana wakipanda gari la Mbagala. Mama amepata kiti, wifi amesimama. Beseni la bluu liko mapajani, ndani mna doti moja ya khanga, mpira, glovu na nyembe za duka la dawa, vipande vya sabuni, kipimajoto, na furushi la vinguo vya mtumba vilivyoanza kunuka jua la Karume. Seti ya zipu ya waridi imebaki kule kule, kijana hakuchukia, alishampata mwingine. Pesa iliyobaki wameigawa mara mbili: nusu imerudi kwenye ncha ya khanga kwa ajili ya dagaa na mayai, nusu imeingizwa kwenye mfuko wa plastiki wa kadi ya kliniki. Wifi ametoa kalamu, gari likirukaruka, akaandika nyuma ya kadi tarakimu tatu na namba ya dereva wa bajaji.

Wiki ijayo, saa kama hizi, tutaongea na akina baba, hasa wale wanaosubiri nje ya geti la wodi ya wazazi bila kujua wafanye nini.